Katekista amesema kumhoji mtendaji ni kumwasi Mungu. Je, ni kweli?

Swali

Shikamoo Padri. Mimi ni mkulima wa korosho katika kijiji kimoja wilayani Masasi, na ni mwanachama wa Umoja wa Akina Mama kanisani kwetu. Misimu miwili iliyopita mkutano wa kijiji ulikubali tukatwe kiasi kwa kila kilo kupitia chama cha msingi ili tujenge zahanati. Tumekatwa kweli, lakini jengo limeishia kwenye lenta na nyasi zimeota ndani. Mapato na matumizi hayajasomwa mwaka mzima, na mtendaji tukimuuliza anasema tusubiri. Vijana wamechoka. Wapo wanaosema msimu huu wauze kwa kangomba, yaani kwa wachuuzi wanaonunua kwa siri nje ya chama, ili wasikatwe, na wapo wanaotaka kuifunga ofisi ya kijiji kwa mnyororo. Sisi wengine tunataka kuandika barua. Jumapili iliyopita katekista alihubiri Warumi 13, akasema anayemhoji kiongozi anashindana na agizo la Mungu, na barua hiyo tusiisaini. Mwanangu ni mmoja wa hao vijana. Nifuate lipi nisimkosee Mungu?

Jibu

Marahaba, mama. Nianze na jibu lenyewe, maana msimu unakaribia na barua inangoja: isaini. Korosho zako zipeleke ghalani kama siku zote, na mwanao mzuie asiende na mnyororo. Kuuliza hesabu za fedha mlizozitoa wenyewe si uasi mbele ya serikali wala mbele za Mungu. Ila haya matatu, yaani barua, kangomba na mnyororo, hayafanani, na kila moja lina sababu zake. Nivumilie nieleze kwa kirefu.

Katekista wenu hakukosea kufungua Warumi 13. Maneno yale yamo, na hatuna ruhusa ya kuyaruka kwa kuwa yanatubana: "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu, kwa maana hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu." Kosa ni kusimama kwenye aya ya pili na kufunga kitabu. Endelea hadi aya ya tatu na ya nne, na utamwona Paulo akieleza mamlaka iliwekwa kwa kazi gani: mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yako, humtisha atendaye mabaya, si atendaye mema. Mtumishi ana bwana wake, na ana kazi aliyopewa. Kwa hiyo sura ileile inayonidai utii inampa pia mwenye ofisi kipimo chake. Na aya ya saba inasema kila mtu apewe haki yake, mtu wa kodi kodi, mtu wa ushuru ushuru, astahiliye heshima heshima. Hakuna mahali inapoongeza kwamba ukishatoa kodi ufumbe mdomo.

Tazama pia Paulo alikuwa anawaandikia akina nani. Ni kama mwaka 57, Nero yuko katika miaka yake ya mwanzo. Miaka michache nyuma Kaisari Klaudio alikuwa amewafukuza Wayahudi Roma. Akila na Prisila walikuwa miongoni mwao, kama tunavyosoma katika Matendo 18. Waumini wa mji ule walikuwa wachache na hawakuwa na wa kuwasemea, na fujo moja ingetosha kuwaangamiza. Ndiyo maana maneno ya kutii mamlaka yanafuata mara baada ya mwisho wa sura ya 12, Paulo anapowaambia wasilipe ovu kwa ovu, wasijilipizie kisasi. Ukisoma sura hizo mbili kwa pamoja unaona anachokikataza: hasira inayotafuta kumkomoa mtu. Onyo hilo linamhusu mwenye mnyororo. Mwenye kalamu halimhusu.

Na mwandishi wa sura hiyo mwenyewe aliishije? Kule Filipi yeye na Sila walipigwa fimbo hadharani na kutiwa gerezani bila kuhukumiwa. Asubuhi wakubwa wa mji wakatuma watu kusema waachiwe, waende zao. Paulo angeweza kuondoka kimya na kushukuru kwamba yamekwisha. Alikataa. Alisema wametupiga mbele ya watu wote bila kutuhukumu, na sisi ni Warumi, sasa wanataka kututoa kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Nao wakaja, wakawasihi (Matendo 16). Yerusalemu, alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi, alimuuliza akida kama ni halali kumpiga raia wa Rumi asiyehukumiwa. Na mbele ya Festo alikata rufani kwa Kaisari, Kaisari yuleyule ambaye Paulo aliwaambia Warumi wamtii. Kwa Paulo, kutii mamlaka na kuidai itende kwa haki vilikwenda pamoja, na njia aliyoitumia ilikuwa sheria ya mamlaka hiyohiyo.

Sasa tuje kijijini kwenu. Tuulize swali ambalo mahubiri mengi ya Warumi 13 hayaliulizi: hapa kwetu, mamlaka iliyo kuu ni ipi? Katika Rumi ya Paulo jibu lilikuwa mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti. Tanzania jibu ni jingine. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Ibara ya 26 inamtaka kila mtu aifuate na kuitii Katiba na sheria, kisha papo hapo inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria, kwa utaratibu uliowekwa, kuhakikisha Katiba na sheria zinalindwa. Na ukishuka hadi ngazi yenu, sheria ya serikali za mitaa ya mamlaka za wilaya ya mwaka 1982 inautaja mkutano mkuu wa kijiji, yaani wewe na jirani zako wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kuwa ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya sera ya kijiji. Halmashauri ya kijiji huchaguliwa na mkutano huo. Mtendaji ni mwajiriwa anayetekeleza. Mkutano huo unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe humo.

Kwa hiyo, mama, ukitaka kujua ni nani anayeshindana na mamlaka iliyo kuu katika kijiji chenu, usianze na wanaoandika barua. Mwanzie mwenye wajibu wa kuitisha mkutano na hauitishi. Sisemi mtendaji wenu ni mwizi. Sijui, na wewe hujasema hivyo. Huenda fedha zipo na ni saruji tu iliyopanda bei. Huenda fundi alikimbia. Huenda halmashauri ya wilaya iliahidi kuezeka na haijaleta bati. Lakini yote hayo yana mahali pa kusemwa, na mahali hapo ni kwenye mkutano.

Hesabu si jambo la kiserikali lililoingizwa kanisani kwa nguvu. Maandiko yanazijali. Samweli alipozeeka na kumwachia Sauli uongozi, alisimama mbele ya taifa zima akawaambia wamshuhudie: nimetwaa ng'ombe wa nani, nimetwaa punda wa nani, nimemdhulumu nani, nimepokea rushwa kwa mkono wa nani? Alisema nitarudisha (1 Samweli 12). Nabii mzima, aliyempaka Sauli mafuta, anajiweka mwenyewe katika mikono ya watu wamkague. Hakuona kwamba amevunjiwa heshima.

Kuna habari nyingine inayofanana na yenu kiasi cha kushangaza. Katika 2 Wafalme 12, mfalme Yoashi aliagiza fedha zinazoletwa hekaluni zitumike kutengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana. Ukafika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, na makuhani walikuwa wanapokea fedha huku mabomoko yako palepale. Yoashi aliwaita, akawauliza mbona hamtengenezi? Kisha akabadilisha utaratibu. Kasha likawekwa kando ya madhabahu, likatobolewa tundu kifunikoni, na fedha zikawa zinahesabiwa na watu wawili pamoja, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Ndipo maseremala na waashi wakalipwa na kazi ikaenda. Atatokea mtu kijijini akusomee aya ya 15 ya sura hiyohiyo, inayosema wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Ni kweli inasema hivyo. Msomee aya ya sita na kuendelea: uaminifu huo ulikuja baada ya watu kuuliza na utaratibu kufungwa vizuri, na kabla ya hapo hekalu lilikaa bovu miaka mingi mikononi mwa watu watakatifu.

Hata Paulo, alipokuwa anakusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuzibeba peke yake. Alitaka wajumbe waliochaguliwa na makanisa wafuatane naye, na akaeleza sababu katika 2 Wakorintho 8: mtu asije akawalaumu, kwa kuwa wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mtume aliona ni haki kukaguliwa. Sijui ni kwa andiko gani mtendaji wa kijiji aondolewe katika hilo.

Hapo nimemaliza ya barua. Ya kangomba ni magumu zaidi, kwa sababu hoja ya vijana ina kitu ndani yake. Wanasema: fedha yetu imeliwa, kwa nini tuendelee kutoa?

Kanisa limelifikiri swali hili kwa karne nyingi. Thomas wa Akwino, mwalimu wa karne ya 13, alizigawa sheria mbaya mafungu mawili. Lipo fungu la amri zinazoagiza dhambi, kama kuabudu sanamu. Hizo hazitiiwi kabisa, hata kwa gharama ya uhai. Shifra na Pua, wakunga wa Misri, hawakuwaua watoto wa kiume ingawa Farao mwenyewe aliamuru. Shadraka, Meshaki na Abednego hawakuinama. Petro na mitume walisema mbele ya baraza: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Fungu la pili ni la amri zinazokuonea wewe lakini hazikulazimishi kutenda dhambi: mzigo usiogawanywa sawa, mtawala anayetoza kwa faida yake mwenyewe. Kuhusu hizo Thomas anasema kwa asili hazimfungi mtu katika dhamiri, ila huenda ikampasa akubali kudhulumika ili kuepusha machafuko yatakayoumiza wengi zaidi. Neno hilo la "huenda" ni la kutunza. Linaacha nafasi ya kupima, na haliwapi wala wakubwa wala wakaidi ushindi wa bure.

Sasa weka makato yenu kwenye mizani hiyo. Hayakuagizi dhambi. Wala si mzigo mliotupiwa kutoka juu; mlikaa mkutanoni, mkanyoosha mikono. Kasoro iko kwenye matumizi na kwenye ukimya. Mkiona makato yasimame hadi hesabu zisomwe, mna haki ya kulisema hilo mkutanoni, likajadiliwa, likapigiwa kura, likaandikwa kwenye muhtasari. Huko ni kukataa kwa uwazi, na mimi ningekuunga mkono. Kuuza kwa kangomba usiku ni kitu kingine kabisa. Kwanza kunamnufaisha mtu asiyehusika na zahanati hata chembe: wewe unayajua mabakuli yao kuliko mimi, na unajua bei wanayompa mtu mwenye shida ya ada ya shule. Tangu stakabadhi ghalani, yaani utaratibu wa kuuza korosho kupitia ghala la pamoja, ilipoanza huku kwetu mwaka 2007 mfumo umekuwa na malalamiko yake, malipo kuchelewa likiwa mojawapo, lakini kuukimbia kwa mlango wa uani ni kumwachia mchuuzi ndiye apange bei. Pili, na hili ndilo linalonihusu kama mwalimu wa maadili, mtu wa Mungu anayekataa amri hukataa mchana. Danieli alipojua kwamba mfalme amekwisha kutia sahihi marufuku ya maombi, aliingia nyumbani mwake, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, akaomba kama alivyozoea. Alijua tundu la simba linamngoja. Anayekataa kwa dhamiri yuko tayari kuonekana na kulipa gharama, na kwa sababu hiyo watu huamini kwamba anapigania haki. Anayekwepa kwa siri anapigania mfuko wake, hata kama kilichomsukuma ni dhuluma ya kweli.

Luther aliliweka vizuri mwaka 1523. Baadhi ya watawala wa Ujerumani walikuwa wameamuru watu wasalimishe nakala za Agano Jipya alilolitafsiri. Aliwaandikia waumini kwamba wasipeleke hata ukurasa mmoja, kwa sababu mtawala hana amri juu ya roho. Lakini askari wakiingia nyumbani, wakapekua na kuchukua kwa nguvu, wasiwapige. Kataa, simama, vumilia.

Mfano ninaoupenda zaidi uko karibu na mlango wako. Trevor Huddleston alikuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Wazee waliopata kipaimara mikononi mwake huenda wapo hata kijijini kwenu, waulize. Kabla ya kuja kwetu alikuwa padri Afrika Kusini, alikofika mwaka 1943, akihudumu Sophiatown, Johannesburg. Mwaka 1953 serikali ya makaburu ilipitisha sheria ya elimu ya Wabantu, iliyokusudia mtoto wa Kiafrika afundishwe kiasi cha kuwa kibarua tu. Shirika lake lilikuwa na shule ya Mtakatifu Petro pale Rosettenville, shule aliyosoma na kufundisha Oliver Tambo, mpigania uhuru wa nchi ile. Makanisa mengi yalikabidhi shule zao serikalini yakisema bora mkate nusu. Shirika la Huddleston liliamua kuifunga shule kuliko kuiendesha kwa sheria ile. Uamuzi huo uliuma. Ulimaanisha watoto kukosa darasa, na Wakristo wema waliupinga. Lakini walikuwa wamefika mahali ambapo kutii kungewatia mikono yao ndani ya dhambi yenyewe. Kisha Februari 1955 askari wenye silaha walipoanza kuwahamisha watu wa Sophiatown kwa malori, alikuwapo mitaani pamoja nao. Alihutubia mikutano, aliandika, aliwasumbua wakubwa hadi wakubwa wa shirika lake wakamwita arudi Uingereza. Hakuchoma kituo cha polisi.

Mtu huyohuyo, mwenye Biblia hiyohiyo, alipofika Masasi alifanya nini? Alishirikiana na serikali. Aliona uhuru wa 1961 ukija, akawa rafiki wa Mwalimu Nyerere, akawaandaa mapadri wazalendo kushika dayosisi. Warumi 13 haikubadilika alipovuka mipaka. Alichokiangalia ni kama mamlaka iliyo mbele yake inafanya kazi ya mtumishi kwa ajili ya mema ya watu, akaipa ushirikiano au ukaidi kwa kipimo hicho. Ninapomsikia mhubiri akisema Mkristo ni mtu wa kutii tu, au kijana akisema Mkristo wa kweli ni mtu wa kupinga tu, namfikiria askofu huyu.

Yako ya mwisho ni mnyororo. Vijana watakwambia kufuli halimuui mtu. Ni kweli, kufuli peke yake haliui. Lakini wao na mimi tunajua kinachofuata: mgambo wanakuja, mmoja anasukumwa, jiwe linarushwa, na kufikia jioni habari si ya zahanati tena. Mikoa yetu imeyaona haya. Desemba 2012 watu waliandamana Mtwara kwa amani kuhusu gesi, wakiuliza mkoa unaotoa gesi utabaki na nini bomba likienda Dar es Salaam. Lilikuwa swali halali, na lilisikika nchi nzima. Januari 2013, na tena Mei baada ya bajeti ya nishati kusomwa bungeni, ukaja moto na risasi. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikaungua, wanajeshi wakaletwa, na bomba likajengwa. Waliopoteza watoto wao walibaki na swali lilelile pamoja na kaburi. Simwondolei mtu yeyote lawama, aliyechoma wala aliyefyatua. Ninachosema ni kwamba swali lililokuwa na nguvu mwezi wa kumi na mbili lilikuwa limezimwa na moshi mwezi wa tano.

Wakristo hawajawahi kukubaliana wote juu ya matumizi ya nguvu, na sitakuficha hilo. Wamennonite, ambao tunao nchini hasa upande wa Musoma, wanatoka katika mapokeo yanayokataa upanga kabisa. Calvin alimkataza mtu binafsi kumwinukia mtawala, lakini akasema viongozi wa chini waliowekwa kisheria kuwalinda watu wana wajibu wa kumzuia mfalme dhalimu. Thomas alisema kuondoa utawala wa kidhalimu si lazima kuwe uasi, isipokuwa vurugu zake ziwaumize watu kuliko udhalimu wenyewe. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri, aliingia katika njama ya kumwondoa Hitler, akanyongwa tarehe 9 Aprili 1945, na hakujiona msafi kwa kufanya hivyo. Hao wote walikuwa wanazungumzia wafalme waliofunga milango yote. Kijiji chenu kina mlango wa mkutano, mlango wa kata, wa diwani, wa mkurugenzi, wa mkuu wa wilaya, wa TAKUKURU, yaani taasisi ya kupambana na rushwa, na wa mahakama. Hakuna mwalimu hata mmoja wa Kanisa anayemruhusu mtu kuruka milango saba ambayo hajaibisha hodi.

Kuhusu katekista, nakuomba usimjibu kanisani wala usimseme kisimani. Mwendeeni nyumbani, wewe na mama mwingine mmoja mnayeheshimiana naye. Huenda anaogopa tu, na hofu yake ina historia. Mwombeni asome sura yote, na mzungumze naye juu ya jambo hili: watu wa Kusini wanakumbuka mimbari iliyoegemea boma, yaani ofisi ya mkoloni. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, Kilwa, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Mwezi uliofuata Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa njiani upande wa Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, na misheni ya Nyangao ikachomwa. Hawakuwa wao walioweka kodi wala kulazimisha pamba, na kuwaua ilikuwa dhambi. Lakini machoni pa watu waliochapwa viboko shambani, mzungu wa misheni na mzungu wa boma walikuwa kitu kimoja. Wajerumani walilipiza kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wanakadiria vifo vyote kati ya 75,000 na 300,000. Miaka 65 baadaye Mwalimu Nyerere, rais na Mkatoliki, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposhiriki kwa vitendo kupinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini na kudhalilishwa, halitakuwa na maana kwao. Alikuwa mkuu wa nchi aliposema hayo, na hakuona yanampunguzia utii wa mtu yeyote.

Sasa barua yenyewe. Msiitumie nembo wala muhuri wa kanisa, na msiiandike kwa jina la Umoja wa Akina Mama. Zahanati ni ya kijiji kizima, na Waislamu, ambao sehemu nyingi za mikoa yetu ndio wengi, wamekatwa kwa kilo zilezile. Nendeni msikitini kama mnavyokwenda kwa majirani, wazee wa huko wasaini pamoja nanyi. Isainiwe kwa majina kamili, asiwepo wa kujificha.

Kabla ya kuiandika, nendeni kwenye chama cha msingi. Makato yamepitia pale, kwa hiyo kilo zilizopokelewa na kiasi kilichopelekwa kijijini vimo katika vitabu vyao, na wewe ni mwanachama mwenye haki ya kuuliza. Mkija na jumla ya misimu miwili mkononi, maneno ya barua yatakuwa machache. Ombeni mambo mawili tu: mkutano mkuu uitishwe ndani ya siku mtakazozitaja, na mapato na matumizi ya zahanati yasomwe humo yakiwa na stakabadhi zake. Msimtuhumu mtu wizi. Hamjauona bado, na amri ya kutomshuhudia jirani uongo inawahusu hata wanaodai haki. Mpelekeeni mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Siku zikipita kimya, nakala hiyo ndiyo mtakayoipeleka kwa mkurugenzi wa halmashauri, na hesabu zikionyesha fedha zimepotea, kwa TAKUKURU wilayani.

Mwanao mpe kazi ya kuibeba barua hiyo na kusimama pale ofisini hadi muhuri ugongwe.